Ugali wa Italia

Kila Jumamosi uwanja wa Bibi Ruthu pale Kibaigwa hujaa watu utadhani kuna harusi, kumbe ni karanga tu zinabanguliwa. Wanawake hukaa mikekani, gunia katikati, vidole vinafanya kazi na midomo haibaki nyuma. Priska, mjukuu wa Bibi, alikuwa na kazi mbili: kupepeta maganda na kushika simu. Bibi hakujua kusoma. Ujumbe ukiingia, Priska wa darasa la sita ndiye aliyeufungua na kumsomea, na kama ni sauti, akamwekea sikioni.

Jumamosi hii Bibi alikuwa amekunja uso tangu asubuhi.

"Priska, dada yako bado kimya?"

"Bado, Bibi."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

Ulikuwa uongo, tena wa siku tatu.

Angelina, dada yake Priska, alikuwa anasoma Ujerumani. Likizo hii rafiki yake wa chuoni, Mwitaliano aitwaye Chiara, alimwalika nyumbani kwao, kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia. Priska alipopata habari hizo, shule nzima ikazipata. "Dada yangu anakula piza asubuhi, makaroni mchana, aiskrimu jioni!" alitamba. Munira, mtoto wa jirani anayesoma naye darasa moja, alimtazama kwa jicho la pembeni. "Mdomo wako haulipiwi ushuru," alisema. "Lete picha."

Picha zilikuja Jumatano. Bibi mmoja mnene, aliyefunga aproni, mikono yote miwili kwenye mwiko, alikuwa anasonga kitu cha manjano ndani ya sufuria kubwa ya shaba. Picha ya pili, kitu hicho kimemwagwa juu ya ubao katikati ya meza, kinafuka mvuke, watu kumi wamekizunguka. Chini yake kulikuwa na sauti ya Angelina:

"Bibi, shikamoo! Utacheka. Nimefika Italia nimekuta ugali! Wanauita polenta, unga wa mahindi kabisa. Bibi yake Chiara anausonga karibu saa nzima huku anaimba. Wanaula na jibini na uyoga wa porini, mtamu huo! Na mezani ni kama uwanjani kwako: wote wanaongea kwa pamoja, mikono nayo inaongea, na ukisema umeshiba ndiyo kwanza unaongezwa. Sasa wameniomba Jumapili niwapikie cha kwetu. Nina ule unga wa mlenda ulionifungia. Nielekeze, Bibi: magadi kiasi gani, karanga niweke wakati gani? Nijibu mapema, nisije nikakuaibisha."

Priska alihisi kichwa kinapata moto. Ugali! Mtu anapanda ndege, anakatiza nchi chungu nzima, anakwenda kula ugali! Hapa Kibaigwa malori yanapakia mahindi mchana kutwa, nani atashangaa ugali? Munira angecheka mpaka wasikie Kongwa. Na huo mlenda, mboga ya majani inayoteleza, anawapikia Wazungu mlenda? Kwa hasira akafuta picha, akafuta na sauti. Bibi alipouliza, akamjibu hakuna kitu.

Sasa, Jumamosi, Mama Munira aliona pengo la kupenyeza neno. Mama huyo umbea kwake ni kama chumvi, hakosi kuutia hata kwenye uji.

"Ndivyo walivyo, mama yangu," alisema huku anabangua. "Wakishafika Ulaya, sisi tunageuka vumbi la barabarani."

Bibi aliinuka ghafla, maganda yakamwagika. Akaingia ndani, akarudi na mfuko mwingine wa unga wa mlenda, ule aliouchuma, akaukausha na kuutwanga kwa mkono wake, akingoja msafiri wa kumpelekea Angelina.

"Chukua, Mama Munira, ukale na wanao. Huyo mwenye jina lake asitajwe tena hapa!"

Priska aliinamia ungo kama aliyepoteza sindano humo. Hapo hapo simu ikalia, ya video. Alikimbilia kuizima, lakini Munira, aliyekaa ubavuni kwake, alishaona sura.

"Dada Angelina huyo! Mnazima nini?"

Bibi akainyakua simu.

"Bibi, shikamoo!"

Bibi hakuitikia. Kwa mtu wa Bibi Ruthu, kunyimwa marahaba ni zaidi ya kupigwa fimbo.

"Leo umekumbuka kuwa una bibi?"

"Bibi, nimekutumia sauti na picha tangu Jumatano! Simu inanionyesha mmeisikiliza. Nangoja jibu la mlenda, kesho ndiyo napika!"

"Nani kaisikiliza?" Bibi akageuka polepole. "Priska."

Macho yote yakamwangukia. Priska akalipuka, machozi na hasira kwa pamoja.

"Kwa sababu ni ugali! Nimewaambia wenzangu anakula vya Kizungu, yeye analeta ugali! Na mlenda! Kwa nini anatuaibisha?"

Mama Munira alicheka mpaka akashika mbavu. Bibi hakucheka.

"Siku tatu nimemnunia mjukuu wangu, leo nimemfuta mbele za watu. Kwa ajili ya ugali?" Akamsogezea Priska simu. "Mimi ugali ndio umenizeesha. Aibu iko wapi? Shika simu hiyo, uinyooshe vizuri."

Priska akashika simu mpaka mkono ukafa ganzi, Bibi akielekeza: maji yachemke na kipande kidogo cha magadi, unga unyunyize huku unakoroga, karanga zilizotwangwa ziingie mwishoni. Bibi yake Chiara naye akaacha sufuria yake ya polenta motoni, akajitokeza na mwiko wake, akipunga mikono.

"Mwambie asiache kugeuza, utaweka mabonge!" Bibi Ruthu alimfokea, na Angelina akatafsiri. Yule bibi wa Kiitaliano akajibu kwa ukali vile vile, wakafokeana hivyo kwa raha zao.

"Bibi, hujaniitikia," Angelina akasema.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba mara tatu."

Lakini Jumapili asubuhi Priska alipomwamkia, Bibi hakumwitikia. Jumatatu akamwambia maneno machache tu: "Uongo uliupeleka darasani. Nenda ukaurudishe."

Priska alikwenda na picha alizotumiwa upya. Mbele ya darasa alisema, "Zile habari za piza nilizitunga. Dada yangu anakula ugali, na jana wenyeji wake wamekula mlenda wakaramba vidole." Munira alicheka wa kwanza. Kisha akasogea. "Hebu tuone huo mwiko. Mbona mrefu hivyo?"

Mchana Priska alirudi, akasimama mbele ya Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Nimewaambia wote."

Bibi akaweka ungo chini.

"Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini ni yule anayefikisha. Neno ulilopewa umpelekee mtu si lako, hata kama halikupendezi. Ukilificha umemwibia aliyetuma na aliyengoja. Mimi macho yangu ya kusomea ni wewe, Priska. Ukinidanganya wewe, mimi ni kipofu."

Akamsogezea kinu chenye mlenda mkavu. "Mama Munira karudisha nusu ya mfuko tu, unamjua. Nusu nyingine utaitwanga wewe."

Priska akashika mchi. Alipotwanga mara ya tatu, akasikia nyuma yake, "Marahaba."