Nyumba Isiyoitika Hodi

Ndugu zangu, leo nawaingiza katika nyumba moja, na tuingie bila kubisha. Nyumba hii haiitiki hodi, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niwasimulie.

Ilikuwa alasiri tulivu. Sebuleni, fundi makochi alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti kilichovuliwa kitambaa chake cha zamani, akivuta kipya kwa mkono huu na kukipigilia kwa mkono ule. Misumari midogo aliibana midomoni kama wafanyavyo mafundi wa kazi hiyo. Nyundo alikuwa ameivika tambara isisikike nje. Mkewe alikunja nguo karibu na dirisha, mahali pazia lilipoachwa wazi kiasi cha jicho kupenya. Binti yao wa miaka mitano, waliyempa jina la Kasuku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, alikaa juu ya mabaki ya sponji akichezea vifungo vya makochi.

"Baba, kochi linaumia ukilipigilia?"

"Haliumii," Fundi alijibu kwa pembe ya mdomo.

"Sasa mbona unalipiga polepole hivyo?"

Mkewe akacheka. Fundi hakucheka.

Zamani mtu huyu alikuwa na karakana yake mwenyewe. Alichukua mkopo benki akashona viti vya hoteli moja kubwa, na hoteli ikafungwa kabla ya kumlipa. Mahakama ikamtangaza mufilisi. Madalali walikuja asubuhi, wakabisha hodi kwa adabu zote, wakatoka na mashine, makabati, na hata kochi alilomshonea mkewe walipooana. Hodi ile ilimwingia mpaka kwenye mifupa.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kesi ile ilikwisha. Afisa wa ufilisi alimkalisha ofisini akamweleza kwamba vilivyochukuliwa vimetosha, deni lililobaki limefutwa, na hakuna atakayemfuata tena. Mkopo ungekuwa mgumu kwa muda, lakini akaunti ya kawaida angeweza kufungua hata kesho yake. Fundi aliitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi, ila hakushika hata moja. Aibu ilikuwa imemziba masikio, na aibu hiyo hiyo ikamzuia kurudi kuuliza.

Akarudi nyumbani na sheria yake mwenyewe. "Mtu akibisha hodi," aliwaambia mkewe na mwanawe, "hakuna kujibu, hakuna kusogea, hakuna hata kupumua."

Basi wakaishi hivyo, roho juu. Mwenye duka la samani, aliyekuwa akimpa vibarua, alimwita akamwambia anataka kumwajiri moja kwa moja.

"Ila mshahara unapitia benki, Fundi."

"Nipe mkononi tu, bosi. Wale wakiliona jina langu watanivua hata shati."

"Nani kakwambia hivyo?"

Fundi akainama kufunga kamba za viatu vyake, ambazo zilikuwa zimefungwa. Hakuna aliyemwambia. Alijiambia mwenyewe, akajiamini.

Sasa turudi sebuleni. Kasuku alikuwa akimtazama baba yake anavyobana misumari, naye akaona afanye ufundi. Akachukua kifungo akakitia mdomoni.

"Hodi wenyewe," ikasikika sauti mlangoni.

Fundi akainua kidole. Mkewe akaganda na shati mkononi. Kasuku alishtuka, akavuta pumzi kwa nguvu, na kifungo kikateremka nayo kooni. Mtoto akafungua mdomo kutaka kulia, na sauti isitoke. Baba yake akadhani anataka kusema. Akamvuta kifuani, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Hodi," mgeni akarudia.

Mkewe akachungulia, akageuka uso umempauka. Akatamka kwa midomo tu: wa benki. Fundi akamkaza mtoto kifuani. Kasuku alirusha miguu kidogo, kisha akatulia.

"Hivyo hivyo, mwanangu," Fundi alimnong'oneza. "Kimya hivyo hivyo."

Alimsifu, ndugu zangu. Mtoto anakata roho mikononi mwake, na yeye anamsifu kwa utii.

Ndipo akahisi kiganja chake hakipati joto la pumzi. Akamgeuza. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi, macho yamemtoka. Na hapo, naona haya kulisema, lakini Fundi alitazama mlango kwanza. Mkewe hakutazama chochote. Alitupa shati, akauvuta mlango ule kwa mikono miwili.

"Dada, mtoto hapumui," akasema.

Aliyesimama nje alikuwa msichana mwenye sare na begi la benki. Begi likaenda chini. Akampokea Kasuku, akamwinamisha juu ya mkono wake, akampiga mgongoni katikati ya mabega. Hakuna kitu. Akampiga tena, na tena, kwa nguvu iliyomfanya mama afumbe macho. Kifungo kikaanguka sakafuni. Kasuku akavuta hewa, akalia kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, na Fundi hakuwahi kusikia sauti aliyoipenda kama ile.

Msichana akaokota begi lake. "Mpelekeni hospitali akatazamwe, hata kama analia," alisema. "Mimi nilitumwa na bosi wako, baba, nije nikufungulie akaunti ya mshahara."

"Mimi ni mufilisi," Fundi akasema. Hakuwa amewahi kulitamka neno hilo kwa kinywa chake.

"Najua, aliniambia. Nahitaji kitambulisho chako tu."

"Na deni?"

"Deni si lilishafutwa? Kamuulize afisa wako, atakuthibitishia."

Fundi aliketi kwenye kiti kile ambacho hakijakwisha, akalia mbele ya mgeni na mkewe.

Sasa ameajiriwa, na nyundo yake haivai tambara. Juzi jirani alibisha hodi, na Fundi akaitika karibu kwa sauti kubwa. Kasuku alikuwa katikati ya hadithi zake ndefu. Alinyamaza palepale, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akazuia pumzi.

"Pumua, mama. Ni jirani tu," baba yake akamwambia.

Mtoto alimkodolea macho tu. Ilibidi Fundi apige magoti, amwondoe mkono mmoja, kisha mwingine.

Funzo la hadithi hii

Kufilisika si jinai, na kuna siku kunakwisha. Ukifikwa, muulize anayejua sheria: nini kimechukuliwa, nini kimefutwa, nini bado unaruhusiwa. Usipoelewa, rudi uulize tena, hata kama unaona haya. Benki haikumgusa mtoto wa Fundi. Mkono uliomziba mdomo ulikuwa wa baba yake, na hofu uliyomfunza mwanao haifutwi na mahakama yoyote.