Mchoro Namba Kumi na Tisa

Haya nilisimuliwa na mke wa Sisimizi mwenyewe, mwaka jana, tukiwa kwenye foleni ya kupimwa macho. Macho yake yaliharibiwa na kazi: miaka ishirini aliandika kwa mkono maneno ya vitabu vya katuni, yale yanayokaa ndani ya viputo juu ya vichwa vya watu. Mumewe alimweleza yote alipostaafu. Foleni ilikuwa ndefu, nami sikuwa na haraka. Nikamwambia, "Endelea, mwenzangu." Akaendelea.

Simu ililia saa mbili asubuhi, Sisimizi anafunga kamba za viatu.

"Sisimizi."

"Naam, mkuu."

"Mtoto anasafiri leo."

Kwa lugha yao, maana yake siri imeibwa na leo hii inatolewa nchini.

Sisimizi alikuwa mpelelezi wa serikali. Miaka hamsini na minne, mgongo mbovu, bastola ya Beretta chini ya kwapa inamchubua kila siku. Jina alipewa kazini, kwa kuwa hana makelele na akishika kitu haachii.

Mkuu akamweleza kwa kifupi. Majasusi wa nje wamepata majina ya watu kumi na mmoja wanaoisaidia idara kimyakimya bandarini. Wameyaficha ndani ya mchoro wa katuni utakaouzwa mnadani saa nne. Mtu wao atanunua, atapewa risiti, atapita uwanja wa ndege kifua mbele. Majina yakivuka, watu hao ni wa kuzikwa.

"Mchoro upi?"

"Hatujui. Na hakimu ametupa kibali cha kufungua kitu kimoja tu. Ukikosea, mzigo unaondoka."

"Sawa."

"Na Sisimizi... wa saba ni shemeji yako."

Sisimizi akamaliza kufunga kamba za kiatu.

Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku bandarini. Mkewe hakujua kama ndugu yake ana kazi nyingine. Alikuwa mezani, kalamu mkononi, ameinamia karatasi kubwa kama kitambaa cha meza.

"Unakwenda wapi na uso huo?"

"Mnadani."

"Wewe? Kununua nini, soksi?"

Akatoka.

Ukumbi ulijaa watu wazima na mvi zao, wananusa vitabu vya katuni kama mtu anavyonusa mkate. Wawili walikuwa wanagombana juu ya pini zilizoshika kurasa, kama kutu yake ni ya zamani au ya juzi. Sisimizi akakaa nyuma. Redio sikioni, kamera ndani ya kalamu.

"Unamwona mtu wao?" mkuu akauliza redioni.

"Namwona. Suti ya kijivu, glavu nyeupe za pamba. Nyuma yake pandikizi la mtu."

"Ananunua nini?"

"Kila kitu."

Ndivyo ilivyokuwa. Huyo Glavu alichukua michoro mitano. Namba tatu, saba, kumi na mbili, kumi na tisa, ishirini. Kila mara mkono uleule, uso uleule mkavu. Kamera ikazima. Baada yake redio. Vyombo vya idara vilikuwa vimechoka kama Sisimizi mwenyewe.

Nyundo ikagonga. Kwisha.

Mitano. Kibali kimoja.

Sisimizi akavaa koti la wabebaji na kuingia chumba cha kufungia mizigo. Mfungaji, mama mmoja mnene, hakumtazama mara mbili.

"Wewe mpya? Shika huku. Usinisimamie kama nguzo."

Akashika. Pale mnadani, kila mchoro ulifuatana na kitabu chake, kile kilichochapishwa zamani kutokana nao. Mama akaweka kitabu juu ya namba tatu. Kikakaa katikati kama bahasha juu ya sinia. Namba saba, vilevile. Kumi na mbili, vilevile.

Namba kumi na tisa, kitabu kikaufunika mchoro wote. Pembe kwa pembe.

Sisimizi akainama kuutazama.

Miaka mingi alikuwa akisogeza makaratasi makubwa ya mkewe ili apate pa kuweka sahani yake. Mchoraji wa kitabu kile, kama wengine, alichora kwa ukubwa, mtambo wa kuchapia ndio ukapunguza. Alichora hivyo siku zote. Aliyetengeneza namba kumi na tisa alikuwa amekiona kitabu tu. Amekiweka chini ya karatasi, akafuatisha.

"Mama, huo usiufunge."

"Kuna tatizo?"

Alikuwa Glavu, mlangoni. Pandikizi lake likapeleka mkono ndani ya koti.

Beretta ilishatoka.

"Toa mkono polepole, kaka. Mgongo unaniuma, usinishtue bure."

Mkono ukatoka mtupu.

Sisimizi akatupa kibali mezani, akashika wembe wa kukatia kamba. Akikosea, shemeji yake hana maisha. Akaupenyeza kwenye ukingo wa karatasi.

Zilikuwa mbili, zimegundishwa.

Katikati palilala kikaratasi chembamba kama ganda la kitunguu. Akasoma mpaka jina la saba. Akakikunja.

Polisi waliokuwa wakingoja nje wakaingia. Glavu, pingu mkononi, akauliza, "Umejuaje?"

"Mke wangu haondoi kazi mezani."

"Na kamba niliyokwisha kuikata?" akauliza yule mama.

Sisimizi akalitundika koti msumarini, akaondoka taratibu bila kugeuka.

Alifika nyumbani saa nane mchana. Mkewe alikuwa anacheka kwenye simu.

"Ni mdogo wangu. Jirani anapiga misumari, hapati usingizi."

"Mwambie alale," akasema Sisimizi. "Mwambie hakuna wasiwasi wowote, alale."

"Shemeji yako anasema ulale... Haya." Akaiweka simu. "Anasema asante, baba. Kajifunika mto kichwani. Na soksi?"

"Ziliisha."

Akavua kiatu kimoja. Cha pili hakukifikia. Alikuwa anakoroma kitini. Mkewe akamtazama, akacheka peke yake, akarudi kwenye karatasi. Macho yalimwasha. Akafunika wino, akalaza kichwa juu ya mkono, kando ya kiputo ambacho hakijaandikwa neno, naye usingizi ukamchukua.