Mstari wa 188

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni, Chepkurui alishuka kutoka ofisi ya kiwanda akiwa na karatasi mkononi. Ukungu ulikuwa umeshalala juu ya chai. Wachumaji walikwisha kupima majani na kwenda zao. Barabara yote ilikuwa yake peke yake, yeye na harufu ya majani yanayokaushwa.

Alikuwa ametoka kumpigia simu Ouko, fundi wa kompyuta mjini Kericho.

"Dada, hiyo laptopu imekunywa umande tu," Ouko alimcheka. "Huko kwenu hata chumvi inalowa ikiwa ndani ya kopo. Toa betri, bonyeza swichi mpaka uhesabu thelathini, halafu jaribu kuiwasha kwa disketi. Ikikataa, niletee Jumamosi."

"Jumamosi ni mbali. Dereva wetu Mokaya anakuja kuchukua orodha leo saa mbili."

"Basi iombee."

Nyumba ya mradi wa malaria, alikokaa kama karani wake, ilikuwa mwisho wa shamba, upande wa Kaplong, mbali na nyumba nyingine. Chepkurui alifungua kufuli, akawasha taa, akavua viatu vyenye matope. Laptopu ilikuwa mezani pale alipoiacha, imefungwa kama kitabu.

Ndani yake kulikuwa na majina ya wagonjwa wa malaria wa Laini ya Nne, safu ya nyumba za wachumaji, mia moja themanini na saba. Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, mvua kubwa zimepita zikaacha mbu mpaka huku kwenye baridi. Kesho asubuhi kamati ya dawa ingekaa Kericho. Laini yenye orodha kamili, jina kwa jina, ingeletewa dawa na nyumba zake kupuliziwa. Isiyokuwa na orodha ingengoja miezi mitatu. Wiki hiyo peke yake, Laini ya Nne ilikuwa imezika watoto wawili.

Na orodha haikuwa jasho lake. Aliyezunguka mlango kwa mlango akiyakusanya majina hayo alikuwa Yunia Akeyo, msichana wa kutoka upande wa ziwa, aliyekaa nyumba hii kabla yake. Homa ilimkuta humu humu, mwezi wa sita, ikamuua. Fomu zake za karatasi zilichomwa pamoja na godoro. Disketi za akiba ziliota kuvu. Yaliyobaki yote yalikuwa ndani ya mashine hii moja iliyokataa kuwaka.

Chepkurui hakuwa mtu wa kukisia. Alikuwa ameandika kila kitu daftarini. Jumatatu, imezimika mara mbili. Jumanne, mara sita. Jumatano, haikuwaka kabisa.

Alitoa betri. Alibonyeza swichi, akahesabu thelathini. Akasugua disketi kwa pamba yenye spiriti, akaitia, akawasha.

Skrini ilibaki nyeusi.

Kisha, kutoka ndani...

Tk. Tk. Tk.

Aliijua sauti hiyo. Ni diski inayotafuta mahali pa kusomea na kupakosa. Hivyo ndivyo walivyofundishwa chuoni. Lakini hapo chuoni hakuna aliyemwambia kwamba ingegonga mara tatu, itulie, igonge tena mara tatu, kama mtu aliye nje ya mlango asiyetaka kusumbua.

Alizima. Akafungua skrubu za chini kwa bisibisi ndogo, akachomoa kadi ya kumbukumbu, akaipangusa, akairudisha. Akawasha.

Tk. Tk. Tk.

Safari hii kulikuja na harufu. Alidhani ni waya unaoungua, akainama kunusa. Haikuwa waya. Ilikuwa harufu ya samaki wabichi na majani ya majini, nzito, ya vuguvugu. Chepkurui alikuwa mtoto wa Merigi, huko milimani. Ziwa alikuwa hajaliona ila kwenye ramani.

Alirudi kwenye daftari asome upya alichofanya Jumatatu kabla mashine haijaanza kuzimika. Mwandiko wake ulikuwa nadhifu kama kawaida.

*Saa nane na dakika kumi. Nimefuta mstari wa 188. Si mkazi wa laini. Safu ya matokeo haina kitu.*

Mstari wa 188 ulikuwa Akeyo Yunia, miaka 27. Alipoanza kuumwa, Yunia alijiandika mwenyewe. Siku ya kwanza, homa. Siku ya pili, homa, kutapika. Siku ya tatu haikuandikwa. Na Chepkurui, kwa kuwa kanuni za mradi zilisema mfanyakazi hahesabiwi, alimfuta kwa kidole kimoja, akaenda kunywa chai.

Mlango uligongwa.

Mara tatu.

"Nani?" Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Ni mimi, mama. Maziwa."

Alikuwa Kogo Rebeccah, bibi kizee wa ng'ambo ya kijito, aliyemletea chupa ya maziwa kila jioni na kumwita mama kama wazee wanavyowaita wasichana. Aliingia akajikung'uta ukungu, kisha akasimama ghafla, kichwa kimeinama upande.

"Hiyo ni nini inalia?"

"Ni mashine, Kogo. Imekataa kuwaka, na Mokaya yuko njiani. Bila hii, Laini ya Nne hawapati dawa."

Bibi alisogea, akaweka sikio karibu na meza. "Inalia kama mtoto amekataa majina."

Chepkurui alijua anachosema. Kila Mkipsigis anajua. Mtoto akizaliwa, kina mama hukaa wakamtajia majina ya wafu wa ukoo, moja moja, mpaka apige chafya. Jina atakalolipigia chafya ndilo lake, na aliyelibeba zamani amerudi. Hata yeye alipewa lake hivyo.

"Wewe na hii mtoto yako ya chuma," Kogo alisema akicheka kidogo ili aondoe woga. "Ngoja nisaidie. Arap Soi! Hutaki? Tapsabei! Hata wewe hutaki? Basi huyu ana maringo."

Tk. Tk. Tk.

Saa ya ukutani ilionyesha saa moja na nusu. Chepkurui aliwaza yale majeneza mawili mafupi ya wiki hiyo. Akawaza kidole chake juu ya kile kitufe. Kabla hajajizuia, alinong'ona:

"Yunia. Yunia Akeyo."

Kogo alimshika mkono kwa nguvu. "Nyamaza! Huyo si wa ukoo yetu. Huyo mtu yake iko mbali, nani atampokea hapa?"

Kugonga kukakoma.

Nyumba ikawa kimya hata wakasikia taa ikivuma. Ile harufu ya ziwa ilimpanda Chepkurui puani, ikawasha, ikawasha...

Akapiga chafya.

Skrini ikawaka.

Kogo aliuachia mkono wake polepole, kama anayeachia sufuria ya moto.

"Ni baridi tu, Kogo," Chepkurui alisema. "Na vumbi la hii mashine."

Bibi aligeuka. Alikuwa akiangalia mlango wa chumba cha kulala. "Mimi ndiye nilimpata Yunia humo," alisema kwa sauti ya chini. "Nilileta maziwa siku tatu. Niligonga, nikangoja, nikasema labda amesafiri. Nikarudi na maziwa yangu." Alijifuta macho kwa pembe ya leso. "Mama, jina inabebwa na yule amepiga chafya. Haiulizi kama ni mtoto au ni mtu mzima."

Akatoka bila kuaga.

Chepkurui hakuwa na muda wa kuogopa. Alifungua orodha. Majina yote yalikuwepo, mia moja themanini na saba. Akateremka chini yake, akaandika upya mstari aliofuta. Akeyo Yunia. Homa. Homa, kutapika. Alipofika safu ya matokeo alikusudia kuandika "alifariki" na kuacha hapo, maana Kogo alimkuta maiti tayari, na hakuna aliyejua saa.

Vidole vyake viliandika: *Alifariki. Tarehe 17. Saa kumi alfajiri. Aliita.*

Aliyatazama maneno hayo. Akainua mkono ayafute... Akaushusha.

Printa ilikuwa bado inakwaruza karatasi ya mwisho Mokaya alipopiga honi nje. Alizipokea kurasa dirishani mwa gari, akasema, "Madam, unanukia omena wa ziwani leo. Umepika bila kunialika?"

Jumanne iliyofuata Laini ya Nne ililetewa dawa. Nyumba zote zilipuliziwa. Ouko aliifungua laptopu, akakuta waya wa diski umelegea na kutu kidogo kwenye meno yake. "Unyevu," alisema. "Nilikwambia." Chepkurui aliandika hivyo daftarini, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Kogo Rebeccah aliendelea kuleta maziwa. Ila sasa aliiacha chupa kwenye ngazi, wala hakugonga. Chepkurui angesikia hatua zake zikija, zikisimama, zikiondoka. Jioni zikawa ndefu. Akawa anamtazama bibi dirishani mpaka ukungu ummeze, na kuna siku alitaka kumwita, koo likakauka.

Wiki ya tatu, giza likianza kuingia, mtu aligonga.

Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, miguu imevimba kwa safari, na kikapu mkononi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. "Mimi Eucabeth. Mama ya Yunia. Nimekuja kuchukua nguo." Akamwangalia Chepkurui usoni. Akaangalia mikono yake, jinsi ilivyoshika ubao wa mlango, kama anayeitambua. Kikapu kikaanguka.

Alianza kusema Kijaluo. Alisema haraka, kwa sauti ya chini, machozi yakimtiririka, na Chepkurui, ambaye hakujua Kijaluo hata cha kusalimia, alisikia kila neno. Alikuwa akiuliza, mbona ulilala bila kuniita?

Chepkurui alifumba mdomo. Aliukaza mpaka meno yakamuuma.

Ukafunguka wenyewe.

"Niliita, mama," mdomo wake ulijibu, kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtu aliyekauka koo kwa homa. "Niliita usiku kucha."

Mwanamke yule hakukimbia. Aliingia ndani, akafunga mlango nyuma yake.