Babu wa Makumbusho

Selina alikuwa uani kwake Kiomboi anapepeta mtama pikipiki ilipoingia bila hodi. Mwalimu Ignas akashuka amembeba Asnath, bintiye Selina, aliyeondoka alfajiri na wanafunzi wenzake kwenda chuo kikuu, kwenye makumbusho ya wanyama waliokaushwa.

"Mama Asnath, usipige kelele. Hajavunjika popote, ila viungo havikunjiki."

Selina akaweka ungo chini. Mtoto alikuwa mwepesi kama debe tupu, ngozi kavu, ananuka karafuu maiti.

"Umekula nini huko?"

"Sijala, mama. Nimemwamkia babu mlinzi. Alikaa kwenye gogo, gizani, kanipa mgongo."

Ndivyo alivyofunzwa: mzee hapitwi bila shikamoo.

"Akasema marahaba mjukuu wangu, kwenu wapi? Nikamwelekeza mpaka mlangoni kwetu."

Mwalimu akatazama pembeni. "Mle hamna mlinzi, mama. Kwenye gogo kuna nyani dume. Amekaushwa."

Mwalimu akarudi kwa wanafunzi wengine, na Fabiano, mume wa Selina, akakimbia kumwita Bi Severina, mganga. Jua lilikuwa linazama. Bi Severina akafukiza ubani, lakini moshi haukupanda. Ulitambaa sakafuni kuelekea mlangoni, na huko nje kitu kikaanza kuzunguka nyumba taratibu, kikiburuza vifundo vya vidole ukutani, kikisimama kila dirisha kunusa, na kila kiliposimama Asnath alikohoa, akatoa pamba kavu mdomoni, donge baada ya donge, huku tumbo likizidi kubonyea mpaka Selina, aliyekuwa akiichomoa kwa kidole, akahisi hamna kitu ndani isipokuwa pamba.

"Mfukuze!" Fabiano akanong'ona.

"Simfukuzi babu wa mtu," Bi Severina akajibu. "Kaamkiwa, kaitikia. Sasa mtoto ni wake. Atamchukua, au akae naye hapa. Ila akikaa, hatoki tena."

"Niachie mimi," alisema Selina.

"Mama Asnath! Unataka kukaribisha jini ndani?"

"Wewe una Asnath mwingine?"

Selina akafuta mikono kwenye kanga, akafungua mlango, akainamisha kichwa asione uso.

"Shikamoo, baba. Karibu ndani. Mjukuu wako yupo."

"Marahaba," giza likajibu, kwa sauti kavu ya mzee aliyechoka na safari.

Kitu kikampita, kizito, manyoya yakimkwaruza mkono. Nyuma yake Asnath akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetoka majini, akakunja vidole.

"Mama, nina njaa."

Selina akasonga ugali, akapakua na mlenda. Hakulia, moto ulikuwa unazima, na watu hawajala. Akatazama mkekani: Asnath anamega tonge, Fabiano hagusi chakula, Bi Severina kajifunika uso kwa kanga. Na kwenye kigoda, kawapa mgongo, babu ananyoosha mikono kusubiri kunawishwa.

Selina akachukua birika. Hakuna aliyekosekana.