Kaburi la Mgomba

Persis alikuwa kwenye mistari ya chai, kapu mgongoni, alipohisi kifua kimelowa. Mvua haikuwapo. Akaonja kidole: maziwa. Naye hakuwa amenyonyesha tangu mwanawe Ogari, na Ogari alichukuliwa mwaka wa sitini na nne, angali ananyonya, na wazungu wa misheni waliokosa mtoto. Persis mwenyewe aliwakabidhi. Yeye na mumewe waliambiwa atasomeshwa tu, atarudi. Kumbe wazungu walikwisha kumfanya mtoto wao, wakampeleka ng'ambo. Huu ulikuwa mwaka wa nne.

Jioni ile, nyuma ya nyumba yao pale Manga, mtoto akalia.

"Ni paka," Mogaka mumewe akanong'ona.

"Paka gani analia kwa sauti ya mwanao?"

Kilio kikarudi kila jioni, kikaja hata Sabato wakiwa wamepiga magoti, na pamoja nacho harufu ya udongo mbichi, ikaingia kwenye unga wa wimbi, ikaingia kwenye nguo, ikalala nao kitandani, mpaka Persis akawa anatembea kama mtu aliyejitwika mtungi na hana pa kuutua.

Wakamwita Mong'ina, bibi mpiga ramli, wakampitisha migombani, mzee wa kanisa asimwone. Akasimama juu ya kituta kidogo.

"Mmemzika nani hapa?"

Mogaka akakiri. "Shina la mgomba, mama. Kama tunavyomzikia aliyepotelea mbali. Nikaliita Ogari. Persis alikuwa halali usingizi, hali chakula, anangoja tu barabarani. Nilitaka aomboleze yaishe. Nilikosa."

"Mjinga wewe! Huzikiwa hivyo aliyekufa. Huyu anakula viazi kwa wazungu! Umechimba kaburi, umeliita jina, mwenyewe hakuja. Kimekuja kingine."

Mogaka akafukua. Shina lilikuwa limeoza, lakini blanketi alilolifungia lilikuwa na joto. Kilio kikapanda kutoka shimoni.

"Sema, binti yangu," Mong'ina akanong'ona. "Sema: wewe si mwanangu, nenda. Kitakwenda."

Persis akatazama chini. Mchungaji alimwambia anyamaze. Mumewe alimwambia anyamaze. Naye, kwa maombi, alijiambia vivyo hivyo.

"Nimechoka, mama," akasema. "Yule nilimtoa akilia hivi hivi. Na huyu pia nimtoe?"

Akashuka shimoni, akaketi, akafungua vifungo vya kifuani.

Mogaka akaliita jina la Yesu. Kilio kikakatika. Kisha, katika kimya kile, wote watatu wakasikia kitu kikimeza.