Nilidhani Umenikinai

"Funga dirisha, mke wangu, nakufa na baridi!"

"Nikilifunga, nakufa mimi na joto!"

Kulikuwa kumekucha. Kinyozi alijikunyata ndani ya blanketi, meno yakigongana. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akijipepea kwa kipande cha kitambaa huku jasho likimtiririka kama katoka kutwanga. Tangu afanyiwe upasuaji wa kuondoa ovari zote mbili kwa sababu ya uvimbe, mwili wake uligeuka mpangaji mkorofi: mara joto, mara machozi, mara hasira zisizo na kichwa wala miguu.

"Pole, mpenzi."

"Pole, pole! Huna neno lingine?"

Kinyozi akanywea. Akaenda kazini bila hata kunywa chai.

Mchana alikuja wifi, dada wa kinyozi, kumjulia hali mgonjwa. Fundi alikuwa uani akianua nguo alipomsikia sebuleni akiongea na simu:

"Kaka yangu kakonda, we acha tu! Mke hazai tena, na bado anamfokea. Hapo kuna mke kweli?"

Fundi aliacha nguo kambani. Aliingia chumbani, akashindilia nguo za mumewe kwenye begi, kisha akamwandikia ujumbe: "Nguo zako ziko mlangoni. Katafute mwanamke mzima. Mimi nimeshapunguzwa."

Punde si punde kinyozi akaingia anahema, mashine ya kunyolea ingali mkononi. Simu yake ikaita. Sauti ya mteja ikasikika sebule nzima:

"Kinyozi, umeniacha na nusu kichwa!"

"Nivumilie, ndugu yangu. Kwangu kunaungua."

Akakata. Akalitazama begi, akamtazama mkewe, macho yakaishia kwa dada yake.

"Nani kasema nini humu ndani?"

"Kaka, mimi nilikuwa nakuonea huruma tu..."

"Huruma hiyo kaa nayo. Nilimuoa yeye, sikuoa mayai yake. Ukimvunjia heshima, umenivunjia mimi."

Wifi akainamisha kichwa.

"Wifi yangu, nisamehe. Mdomo umeniponza."

Akachukua mkoba wake, akatoka taratibu. Fundi akarudi chumbani, mumewe nyuma yake, akakaa kitandani, kampa mgongo.

"Usinitetee bure. Mwenyewe ushanikinai. Tangu nitoke hospitali hujanigusa. Unalala ukingoni kama mgeni."

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Ile mishono. Nilisema nikikugusa nitakuumiza. Halafu kila nikisogea, unanifokea."

"Nafoka kwa sababu hata mimi sijijui! Juzi nimelia mbele ya mteja kwa ajili ya kifungo. Kifungo, mume wangu! Na tena..." Akainamisha uso. "Nakutamani, lakini mwili umekauka, nahisi nitaumia. Naona haya hata kusema."

"Haya ya nini, na mimi ndiye mwenzio?"

Akaketi kando yake. Safari hii hakuogopa. Akamkumbatia, na fundi akalia mpaka shati la mumewe likalowa.

Wakaenda kwa daktari pamoja.

"Dada, huna wazimu," daktari alimwambia. "Ovari ndizo zilizokuwa zikitoa sehemu kubwa ya homoni zako. Wengine hufika ukomo wa hedhi polepole, wewe umesukumwa ghafla."

Baada ya vipimo, aliona dawa za homoni zinamfaa. Akampa na kilainishi cha kuondoa ukavu, akamwelekeza pia kwa mshauri wa kuzungumza naye.

Kinyozi akakohoa kidogo.

"Na kumkumbatia, daktari? Mara ngapi?"

"Hiyo haina kipimo. Kidonda kimeshapona."

Fundi akaangua kicheko, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Dawa haikuleta miujiza. Joto lilipungua, hasira ikapata breki, na kitandani ule ukingo ukabaki bila mtu. Machozi ndiyo yaliyokuwa hayana adabu, yakija yanapotaka. Alasiri moja, akiwa anakunja pindo la sketi, yakamjia tena. Zamani angejifungia. Sasa akashika simu.

"Mume wangu, nimelia tena."

"Nani kakuudhi?"

"Hakuna."

"Umekumbuka nini?"

"Sijui. Labda wale watoto ambao hatutawapata. Labda hakuna kitu."

Kinyozi akaweka mashine chini. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imelowa.

"Hata mimi huwa nawakumbuka. Njoo saluni kwangu. Hakuna mteja, tutalia wote."

Fundi akazima cherehani, akajifuta uso, akaenda.