Chupa ya Methadoni na Kikombe cha Kupimia

"Mama, hao mateja wako unawaachia hata funguo?" Ndivyo jirani alivyowahi kumwuliza Mkurugenzi, siku wanaanika nguo. Mkurugenzi alicheka. "Nawaachia, na usingizi napata."

Asubuhi hii usingizi ulimruka. Ilikuwa haijatimu saa moja, na Nesi wa dawa alimpokea mlangoni mwa kituo cha chuo kikuu cha utafiti na tiba ya uraibu.

"Profesa, chupa moja ya methadoni haipo!"

Methadoni ni dawa ya maji ambayo waraibu wa unga huinywa kila siku, ili mwili usiwatese wanapouacha. Ikipimwa, huokoa. Asiyeizoea akiibugia, analala asiamke. Kwa hiyo Mkurugenzi hakuwaza wafadhili wala sifa ya kituo. Aliwaza koo la mtu fulani, mahali fulani, linalosubiri kumeza.

"Kabati limevunjwa?"

"Wapi! Nimelikuta limefungwa, na utepe umebandikwa kama tunavyobandika sisi kila jioni."

Mkurugenzi akainama. Utepe ulikuwa umepita juu ya tundu la kufuli, ncha yake imekunjwa kidogo ili asubuhi uchomoke bila kung'ang'ania. Akahesabu vilivyomo. Kikombe cha kupimia hakikuwepo. Na ile dawa ya kupuliza puani, ya kumzindua aliyezidisha, nayo ilipungua moja.

Mwizi gani huyu anayeiba dawa, akaiba kipimo, akaiba na cha kumwokoa mnywaji?

Naibu wake, mwenye udaktari wa elimu ya jamii, si wa tiba, akaingia anahema. "Ni Kamanda, nani mwingine? Waite polisi."

Kamanda alikuwa mlinzi. Alianza kama mgonjwa wa kituo, na bado alikunywa dozi yake hapo. Ndiye aliyefungua vyumba vyote alfajiri, pamoja na ofisi ya Mkurugenzi ulipowekwa ufunguo wa akiba wa kabati.

"Polisi watakuja, ila nianze mimi," alisema Mkurugenzi, akamwita mlinzi ndani. "Kamanda, kaa."

"Nasimama, mama. Mtuhumiwa hazoei kiti."

"Jana jioni nani aliingia ofisini kwangu?"

"Mimi, kufunga madirisha. Nesi, kurudisha mkasi. Naibu, kuchukua makabrasha. Nipekue, mama. Nipekue hadi meno."

"Ungekuwa wewe, ungeibaje?"

Kamanda akacheka kwa uchungu. "Mtu mwenye arosto, mwili unamlilia dawa, abebe kikombe cha kupimia? Enzi zangu ningeimalizia hapo hapo, na utepe ningewaachia wenye nafasi!"

Nesi, pamoja na hofu yake, akaguna kicheko.

"Na wewe Nesi, siku hizi nani anakuuliza habari za dawa hii?"

"Nani haulizi? Kamanda anauliza lini atapunguziwa. Wanafunzi wanauliza ladha yake. Naibu aliuliza mtu mpya anaanzia kipimo gani, anaandaa semina."

Mkurugenzi akatoka nje kidogo. Wagonjwa walishajipanga barazani, wanajikunyata. Akamwomba Mungu msamaha kimoyomoyo kwa atakalolisema, akarudi ndani.

"Nimepigiwa simu na bohari ya dawa. Chupa za safari hii zimekosewa, dawa ni kali maradufu. Hata kipimo kidogo kinaua."

Nesi akashika kichwa. Kamanda akaruka. "Basi tunakaa nini? Niacheni nizunguke maskani zote za mateja, kule wananijua!"

Naibu alishawapa mgongo. Simu ilishafika sikioni, bega linasukuma mlango.

"Usimpe tena! Nasema usimpe! Amelala? Mwamshe, mpulizie ile ya puani!"

Mkurugenzi akamnyang'anya simu, akaisikia sauti ya mke wa Naibu. "Wifi, ni mimi. Anapumua? Mwite jina. Mtingishe... Amekuitikia? Ashukuriwe Mungu! Mkalishe, usimwache asinzie. Gari la wagonjwa linakuja sasa hivi."

Nesi alishakimbia kuliita.

"Dawa haijakosewa," Mkurugenzi akamwambia Naibu. "Ni wewe uliyekosea. Utepe ulinionyesha kwamba mwizi ni mmoja wetu, mkono umezoea kubandika hata ukiiba. Kikombe kikanionyesha kwamba anampenda mnywaji. Nikataka nimwone atakayempigia simu."

Naibu akaketi sakafuni na tai yake. "Binti yangu. Nimegundua juzi kwamba anatumia unga. Ulitaka apange foleni pale nje, wanafunzi wangu wamwone? Mimi ninayepanda jukwaani nikasema uraibu ni ugonjwa, si aibu?"

"Kumbe ulikuwa unawasemea watoto wa wenzio tu?"

Mkurugenzi akamwekea simu yake mapajani.

"Na Kamanda ukataka kumtupia polisi."

"Wangemwachia. Hawana ushahidi."

"Arosto ya mahabusu, bosi," alisema Kamanda taratibu, "haingoji ushahidi." Akajikuna shingo, akatazama barazani. "Lakini mtoto mlete, hospitali wakimruhusu. Nafasi ipo. Mvalishe sweta, ile foleni ina baridi."

Mkurugenzi akanyoosha kiganja. "Chupa irudi leo. Makamu mkuu wa chuo nitamweleza mimi, na wewe utakuwepo. Sasa nenda kwa mwanao."

Naibu akavua kitambulisho chake cha kazi shingoni. Akainuka, akakiweka juu ya meza, akapita katikati ya wagonjwa waliompisha mmoja mmoja, akaelekea kwa mwanawe.